Karao pia hukosa usingizi, na hilo linakuhusu

Najua kichwa hiki kimekukera. Juni 2024 ulikimbizwa na vitoa machozi pale Kenyatta Avenue, ukaona wenzako wakibebwa wakivuja damu, na sasa kuna msee anataka kukuambia habari za afya ya karao. Tulia kwanza. Hata mimi nilikuwa huko tarehe 25. Nilikimbia hadi nikapoteza kiatu. Sikuombi umhurumie mtu. Nakuomba tu unisikize hadi mwisho.

Tangu 2018, serikali ilipoamua polisi wapewe marupurupu ya nyumba na wakae mtaani pamoja na raia, huenda nawe una jirani karao. Mimi ninaye. Kwa ploti yetu tunamwita Baba Brayo, na mlango wake unatazamana na wangu. Niliacha chuo, siku hizi naandika usiku, kwa hivyo saa nane za usiku ni sisi wawili tu tulio macho. Mimi niko kwa kompyuta. Yeye ameketi kwenye ngazi, simu mkononi, skrini imezimwa.

Usiku mmoja nikamuuliza, "Afande, kwani hulali?"

Akaniambia asubuhi hiyo walikuwa wameokota mwili wa mtoto kwenye ajali ya barabarani, wakaubeba kwa gari la kituo hadi mochari. Mtoto alikuwa rika la Brayo. "Nilinawa mikono nikarudi kazini," akasema. "Hakuna aliyeniuliza kitu."

Nikamuuliza mbona asione mshauri. Jibu lake ndilo limenifanya niandike haya.

"Kijana wangu, ukisema kichwa hakiko sawa, kwanza unapokonywa bunduki, halafu unapokonywa jina. Kufikia kesho kituo kizima kinajua."

Si kwamba hakuna mipango. Tume ya Huduma ya Polisi (NPSC) ina kitengo cha ushauri nasaha. Lakini mlango ukiwa wazi na kila anayeuingia anachekwa, ni kama umefungwa. Tena kumbuka, hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujitoa uhai kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Maana yake? Afisa aliyelemewa akajaribu kujiua na kunusurika angekamatwa na wenzake wa kazi. Nani angethubutu kufungua mdomo?

Sasa, hili linakuhusu vipi? Disemba 2021, hapa Nairobi, upande wa Kabete na Kangemi, afisa mmoja alimpiga mkewe risasi akamuua, akatoka nje akaua wengine, kisha akajiua. Waliopatwa barabarani hawakuwa na ugomvi wowote naye. Walikuwa watu kama mimi na wewe.

Usinielewe vibaya. Wengi wenye matatizo ya akili hawamdhuru mtu yeyote, na karao aliyemfyatulia mwandamanaji risasi ana kesi ya kujibu, si likizo ya kupumzika. Tusikubali neno "msongo wa mawazo" ligeuzwe kichaka cha kujifichia wauaji. Wapo maafisa waliochoka hadi mifupani na hawajawahi kumpiga raia hata kofi. Lakini kudai haki na kudai matibabu si mambo yanayopingana. Bunduki ile imenunuliwa kwa kodi yako, basi una haki ya kuuliza anayeibeba ako aje.

Mimi ningedai mambo matatu. La kwanza, kila afisa aliyeshuhudia kifo au kufyatua risasi aonane na mshauri, apende asipende, awe konstebo au mkuu wa kituo. Kila mtu akienda, hakuna wa kuchekwa. La pili, mshauri huyo asiwe chini ya bosi wa kituo, na anayoambiwa yasifike mezani kwa bosi. La tatu, afisa akiweka bunduki chini kwa muda ili atibiwe, asikatwe mshahara wala kunyimwa cheo. Tukimwadhibu aliyesema ukweli, tutabaki na wanaonyamaza wakiwa na silaha kiunoni.

Kwa hivyo wakija tena kukusanya maoni kuhusu bajeti, usiulize tu wamenunua magari mangapi na vitoa machozi vingapi. Uliza wameajiri washauri wangapi, na wako kaunti gani. Muulize mbunge wako swali hilo hilo, na asipojibu, mfuate huko X. Tunajua kufanya hivyo, si ndiyo?

Na kama ni wewe unayeketi kwenye ngazi saa nane za usiku, uwe raia au karao, piga 1199. Ni laini ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Niliandika nambari hiyo kwa karatasi nikaipitisha chini ya mlango wa Baba Brayo. Hajawahi kuitaja, nami sijamuuliza. Lakini jana usiku alinigongea dirisha, akaniuliza kama nina chai. Tukaketi hadi alfajiri.