Mlima Tunaoupa Mgongo

 

Ndugu msomaji, mtu anayeswali katika mji wetu wa Morogoro huelekea kaskazini, mashariki kidogo, kwani huko ndiko iliko Makka. Milima ya Uluguru nayo iko kusini mwa mji. Kwa hiyo mara tano kila siku, bila ya kukusudia, sote huupa mlima mgongo. Hilo halina ubaya, ndivyo kibla kilivyo. Ubaya ni kwamba hata tukishatoa salamu hatugeuki. Maji tunayotawadhia yanatoka kule, mboga tunazonunua sokoni zinashushwa kutoka kule vichwani mwa akina mama, na bado wapo vijana wetu wanaomaliza juzuu kadhaa bila ya kuukanyaga mlima wanaouona kila asubuhi.

Kwa sababu hiyo mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi wetu wa kiume wa madarasa ya juu kupiga kambi Morningside kwa siku mbili. Tangu tuliporudi maneno yamekuwa mengi. Wapo wazazi wanaotaka kambi hiyo irudiwe, na wapo wanaosema isitajwe tena. Sisi walimu tumeona tutoe maoni yetu hapa, kwa uwazi, pamoja na kukiri kosa tulilolifanya kule.

Mahali penyewe

Kwa asiyepajua, Morningside ni uwanda mdogo mlimani penye nyumba kuukuu ya mawe iliyojengwa wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mji wetu uko kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari, na pale ni zaidi ya mita 1,300. Juu yake kuna kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kinachopita mita 2,100. Msitu wa huko juu ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 24,000. Ndani yake yumo ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mwenyezi Mungu ameuchagua mlima huu kuwa nyumba yake, nasi tunaokaa chini yake hata jina lake hatulijui.

Anayetafuta starehe asiende. Hakuna umeme, hakuna bomba, hakuna duka. Maji ni ya kijito, choo ni cha shimo, na usiku baridi huingia hadi kwenye mifupa. Tulilala katika mahema manne na turubai moja, tukapikia jiko la gesi tulilolibeba wenyewe, kwa kuwa kuni za msituni haziruhusiwi kukatwa. Wanafunzi wawili walikuja na shuka nyembamba tu, ikabidi walale katikati ya wenzao kama vifaranga. Tulicheka, lakini ni jambo ambalo tungeliangalia kabla ya kuondoka.

Darasa la mlimani

Wanaopinga kambi wana hoja yao kubwa: kwamba siku mbili hizo zingetumika kuhifadhi Qur'ani au kujiandaa na mitihani. Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Jibu letu ni kwamba kule tulisoma, tena masomo ambayo darasani tumeyafundisha kwa miaka na hayakuingia.

Chukua mlango wa swala ya msafiri. Jioni ya kwanza mwanafunzi mmoja alisema kwa furaha, "Ustadhi, leo tunapunguza!" Tukamuuliza tumetembea umbali gani. Akafikiri, akatazama chini akauona mji wote umetandazwa mbele yake, hadi paa la soko. Wenzake wakaanza kucheka. Masafa ya kupunguza swala kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii ni marhala mbili, yaani kilomita zipatazo 80 au zaidi, nasi tulikuwa tumepanda kwa miguu asubuhi ile ile. Aliyekuja kutoka Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 190, huyo angekuwa msafiri. Tukaswali rakaa nne, na hatudhani kuna aliyekuwepo atakayelisahau somo lile.

Au chukua tayamamu. Alfajiri ya kwanza maji ya kijito yalikuwa kama ya barafu, na kijana mmoja alishaanza kutafuta udongo. "Ustadhi, kwani baridi si udhuru?" Tukawahadithia habari ya sahaba Amr bin Al-As (r.a.) katika vita vya Dhatus-Salasil, aliyepata janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia kama ataoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alicheka na wala hakumkaripia. Kisha tukamuuliza kijana wetu: wewe unaogopa kuangamia au unaogopa kutetemeka? Na jiko la gesi lile pale, sufuria ile pale. Tukachemsha maji, kila mmoja akapata kikombe kimoja na nusu cha kutawadhia. Hapo wakaona wenyewe kwamba udhu mzima unatosha kwa kikombe na nusu. Nyumbani tunauacha mfereji wazi tangu bismillahi hadi miguu.

Siku ya pili tulisimika kijiti ili kutafuta wakati wa Alasiri kwa kivuli, kama vitabu vinavyoeleza: kivuli kiwe sawa na urefu wa kitu, baada ya kutoa kile cha adhuhuri. Ukungu ulitusumbua, ukija na kuondoka, lakini tulikipata. Vijana wetu wamezoea wakati uje kwa kipaza sauti au kwa simu. Kule waliusubiri, wakiwa wamechuchumaa kuzunguka kijiti.

Na tulipopanga safu, kibla kilikuwa kile kile cha kila siku, lakini sasa mbele yetu kulikuwa na mji wetu, nasi tukiwa upande wa mlima. Kwa mara ya kwanza tuliwaona tunaowapa mgongo wanavyotuona.

Povu

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Asubuhi ya siku ya pili, baada ya chai na kiporo cha wali, vijana walichukua masufuria na sahani wakaenda kuoshea kijitoni kwa sabuni ya unga. Sisi walimu tuliwaona na hatukusema kitu. Tulifurahi kwamba wanaosha bila ya kuambiwa.

Baada ya muda alipanda mama mmoja wa Kiluguru kutoka nyumba za wakulima zilizo chini kidogo ya pale, ndoo mkononi. Alitusalimu vizuri, tukaitikia. Akauliza, "Walimu, kuna watu wanafua huko juu?" Tukasema hapana, hakuna anayefua. Hakubisha. Aliiweka ndoo chini, tukaona povu limeelea, na chini yake punje za wali.

"Haya ndiyo ya kunywa," alisema. "Basi nitasubiri yapite."

Akaketi juu ya jiwe akasubiri. Hakututukana wala hakutudai chochote. Afadhali angetugombeza. Tulisimama pale, watu wazima wenye kanzu na kofia, ambao usiku uliopita tulikuwa tumesomesha mlango wa maji: maji tahiri, maji mutlaki, maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu. Vijana wetu wote wanajua kwa moyo kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzikia watu. Wameliandika jibu hilo kwenye mtihani na wakapata alama zote. Lakini elimu ile ilikuwa haijawahi kukutana na mtu mwenye ndoo.

Vijana wawili walimtekea maji juu zaidi ya pale walipooshea, wakambebea ndoo hadi kwake. Mama huyo si wa dini yetu, na haki ya jirani haimuulizi mtu dini yake.

Wanaopinga kambi wamelichukua tukio hili kuwa hoja: mmewapeleka watoto kuwaudhi watu, bora wakae mjini. Sisi tunaona kinyume chake. Tunapokaa mjini tunaharibu maji ya walio chini yetu kila siku, ila hatuwaoni. Vijito vya upande ule huingia Mto Morogoro, Mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio mto ambao Dar es Salaam huutegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake kabla haujafika Bahari ya Hindi. Mwaka 2022 kina cha Ruvu kilipopungua, jiji lile liliingia katika mgao wa maji. Taka tunayoitupa mtaroni hapa kwetu ina mtu anayeisubiri ipite huko mbele. Tofauti ni kwamba yeye hawezi kupanda hadi mlangoni kwetu na kuketi juu ya jiwe.

Tukumbuke pia kwamba watu wa milima hii wameshaonana na wageni wengi waliopanda kuja kuwafundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao kwa amri, na mwaka 1955 walikataa kwa ghasia hadi mpango ule ukaachwa. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Nasi tukipanda, tupande kama wageni, na mgeni huanza kwa kubisha hodi.

Mapendekezo yetu

Kutokana na hayo, maoni yetu ni kwamba kambi iendelee kila mwaka, kwa masharti yafuatayo:

1. Ifanyike miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, njia zikiwa kavu. Ni kweli baridi huwa kali zaidi, kwa hiyo kila mtoto akaguliwe kabla ya safari: blanketi, sweta, soksi. Mwenye pumu au maradhi mengine yanayochochewa na baridi asipande, na asionekane mvivu.

2. Kibali cha hifadhi na mwongoza njia vipatikane mapema, na mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa kabla hatujasimamisha hema hata moja.

3. Vyombo vioshwe mbali na kijito, si chini ya hatua mia moja, na maji machafu yamwagwe shimoni. Sabuni isiguse kijito kabisa. Mtu anayetawadha ateke kwa kikombe.

4. Kila tulichopanda nacho tushuke nacho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa za maji na maganda ya biskuti tuliyaona mengi pale, ya waliotutangulia. Tuokote na ya wengine, kwani kuondoa udhia njiani ni katika imani.

5. Wasichana wapate kambi yao, pamoja na walimu wao wa kike na akina mama watakaojitolea. Mwaka jana waliachwa, na hatukuwa na sababu nzuri zaidi ya kwamba hatukujipanga. Katika nyumba zetu nyingi wasichana ndio wanaoteka maji. Somo la yule mama wangelielewa kabla yetu.

6. Mchango wa kambi usimbakize mtoto nyumbani. Mwenye uwezo amchangie asiyenao, kwa siri, kama tufanyavyo katika mambo mengine ya heri.

Wazazi wapenzi, hatusemi kwamba mlima utachukua nafasi ya msahafu. Msahafu wenyewe ndio unaotuamrisha tutazame: ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa. Mtoto aliyefundishwa aya hizo kwa tajwidi nzuri, na mlima wenyewe uko dirishani kwake, ana haki ya kupelekwa akautazame.

Nanyi wanafunzi wetu, tunawaomba jambo moja dogo la kuanzia. Leo mkitoka msikitini, geukeni mtazame kusini. Pale ukungu unapoanzia kuna mtu anateka maji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyokosea, na ajaalie elimu yetu iwe yenye manufaa kwetu na kwa walio juu na chini yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.