Mlango Usio na Mchuma Karafuu

Mjini Maskati, mlango wa Zanzibar husifiwa kama kumbukumbu ya ustaarabu: mitende, samaki, mawimbi, minyororo. Sifa hiyo ina upofu. Thomas Bewick, aliyefariki 1828, aliwachonga kwenye vipande vya mbao wakulima na vibarua wa kaskazini mwa Uingereza wakiwa kazini. Nakshi zilizozoeleka za milango hii hazimjui mchuma karafuu, ilhali karafuu ndizo zilizolipia msaji mwingi. Itajibiwa kwamba sanaa ya Kiislamu huepuka sura za viumbe. Mbona samaki yumo? Na pakacha lina sura gani? Fundi alichonga alichoagizwa na mwenye nyumba. Na kabla ya 1897 mchumaji, mara nyingi, alikuwa mtumwa. Kibao cha maelezo kinachotaja mti na tajiri pekee kinalitii agizo lilelile.