Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Asiyeona Achague Ipi?

Huenda nyumbani mwako au kwa jirani yuko kijana asiyeona anayejifunza kompyuta. Usishangae. Iko programu inayomsomea kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo, naye huiamuru kompyuta kwa vitufe bila kugusa kipanya. Programu mojawapo ni NVDA, ambayo Michael Curran wa Australia, mwenyewe kipofu, aliianza mwaka 2006. Nayo hutolewa bure.

Lakini kijana mwenye kompyuta moja tu ana hofu: akijaribu mambo mapya akaiharibu, sauti itakatika. Na kompyuta iliyonyamaza, kwake ni sawa na iliyokufa. Ndiyo sababu inamfaa mashine pepe, yaani kompyuta ya kujifunzia inayokaa ndani ya ile ya kweli kama programu tu. Humo aweza kuweka Windows au Linux nyingine na kuijaribu atakavyo. Akiwa ameweka nakala ya hali yake ya jana, huirudia, na ile ya kweli haikuguswa.

Basi, programu ya kutengenezea mashine hiyo achague ipi? Asiyeona na aulize maneno matatu.

Kwanza, je, sauti inatoka tangu mwanzo? Hyper-V huja pamoja na Windows ya Pro, si ile ya Home, wala hailipiwi zaidi. Lakini mashine zake hazina kadi ya sauti. Sauti hupatikana kwa njia iitwayo Enhanced Session, nayo hufanya kazi baada ya Windows ya ndani kwisha kuwekwa. Wakati wa kuiweka, ambapo sauti yahitajiwa zaidi, ni kimya kitupu. VMware na VirtualBox huipa mashine kadi ya sauti. Hapo Windows ikianza kuwekwa, bonyeza Ctrl, Windows na Enter pamoja, na msomaji wake Narrator ataanza kusema. Kwa Debian, katika orodha ya kwanza kabisa, bonyeza s kisha Enter.

Pili, je, vitufe vinafika ndani? NVDA ya nje na ya ndani zote hutumia Insert, hata ya nje ikaweza kuzuia amri ya ndani, au zikasema zote mbili kwa pamoja kama sokoni. Ukiwa katika dirisha la mashine, bonyeza Insert, Shift na S: ya nje italala humo. Ujue na njia ya kutoka: kwa VMware ni Ctrl na Alt, kwa VirtualBox ni Ctrl ya kulia.

Tatu, je, madirisha ya programu yenyewe yanasomeka? Yakisumbua, VirtualBox ina njia nyingine, VBoxManage, ambayo kazi zote hufanywa kwa kuandika amri. Nayo VMware Workstation Pro, na Fusion Pro ya Mac, ni bure kwa watu wote tangu Novemba 2024.

Kwa anayeanza nashauri VMware. Anayependa kuandika amri, VirtualBox itamfaa. Hyper-V na ingoje mpaka awepo wa kumsaidia siku ya kuweka.

Na wewe mwenye macho, usimchagulie mwenzako kwa kutazama tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Zima kioo, kaa kando, mwache aiweke mwenyewe tangu mwanzo hata mwisho. Akilazimika kukuuliza, "Sasa imeandika nini?", jua kwamba iliyoshindwa ni programu, wala si yeye. Jaribuni nyingine.