Chini Hakuonekani?

Kila mpenzi wa modeli anapolalamikia chesisi, hujibiwa neno lile lile: nani atakayeligeuza gari lako achungulie chini? Jibu hili limeheshimiwa mno. Mimi naliita udhuru wa mvivu.

Tuchukue gari la deraya la Marmon-Herrington, lililoundwa Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msingi wake ulikuwa chesisi ya lori la Ford, juu yake ikafungwa bodi ya chuma kinene. Toleo la kwanza lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Toleo la pili lilipata vifaa vya kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani, injini ikazungusha magurudumu yote manne. Kwa juu yanafanana. Iname uyatazame chini: la kwanza lina ekseli tupu mbele, la pili lina difu na shafti ya kuipelekea nguvu.

Tofauti hiyo si urembo. Mwaka 1941, majeshi yaliyotoka Kenya kuingia Somalia na Ethiopia yalikuwa na magari ya jina hilo. Kwenye mchanga na tope, difu ya mbele ndiyo kwenda ama kukwama. Na katika vita hiyo hiyo, huko Mashariki ya Kati, Waingereza walihamisha bodi za deraya za Rolls-Royce wakazifunga juu ya chesisi za malori ya Fordson. Bodi ni ile ile, gari ni jingine. Atakayepuuza chesisi hapo atasema anatengeneza gari gani?

Sisemi kila skrubu iwepo. Kwa kipimo cha 1:35, kitu cha milimita 35 hubaki milimita moja, na kalibu za plastiki ni ghali. Mtoto anayeanza naye anastahili modeli rahisi. Lakini kuacha na kupotosha ni mambo mawili. Aliyeacha amenyamaza tu. Aliyeandika toleo la pili juu ya boksi, kisha ndani akatia ekseli ya toleo la kwanza, amesema uongo, tena ameulipisha.

Mengi ya magari yenyewe yameishia kuwa chuma chakavu, na wengi wetu hatutaliona hata moja. Modeli ndiyo shahidi tuliyebaki naye. Basi mtengenezaji akirahisisha chesisi, aandike hivyo juu ya boksi, na mnunuzi aamue mwenyewe.