Nyumba nafuu zisiwapite walimu na wauguzi wa mashambani

Kila mwisho wa mwezi, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Pokot Magharibi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kugharamia nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi sawa na hicho. Hukatwa kwa kiwango kile kile anachokatwa karani wa Nairobi. Tofauti ni kwamba karani anaweza kuabiri matatu akaenda kujionea orofa za Mukuru, ambako wakazi wa kwanza walikabidhiwa funguo Mei 2025. Mwalimu naye hulala katika chumba alichokodi sokoni, nyuma ya duka, na kutembea hadi shuleni alfajiri.

Ushuru huu umepitia misukosuko mingi. Ulianzishwa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikauharamisha Novemba 28 mwaka huo, kisha ukarejeshwa na Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu iliyotiwa saini Machi 19, 2024. Katika malumbano hayo yote, swali lililotawala lilikuwa iwapo mfanyakazi anafaa kulazimishwa kuchangia. Swali la nyumba zijengwe wapi, na kwa manufaa ya nani, halikupewa uzito uliostahili.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na zaidi ya thuluthi mbili yao waliishi mashambani. Wengi wa hawa hawahitaji kuuziwa nyumba, kwani wanaishi katika boma zao wenyewe, hata kama kuta ni za udongo. Aliyekaa jijini miaka thelathini bado husema "naenda nyumbani" akimaanisha Vihiga au Nyeri. Lugha yenyewe inatuonyesha kwamba mpango wa kuwauzia watu nyumba, ambao ndio uti wa mgongo wa mradi huu, ulibuniwa kwa kumfikiria mkazi wa mjini.

Anayekosa makao kijijini ni yule aliyetumwa huko kikazi: mwalimu, muuguzi, polisi, afisa wa kilimo. Kipato chake huenda kikawa kati ya Sh20,000 na Sh149,000, kiwango ambacho sheria inakitaja kwa nyumba za bei nafuu. Kwenye karatasi basi anastahili. Lakini muuguzi kutoka Kakamega aliyepelekwa Turkana hana haja ya kununua nyumba Lodwar na kuilipia kwa miaka mingi. Anachohitaji ni nyumba ya kupanga, yenye maji na kufuli imara, karibu na zahanati, ambayo ataiachia mwenzake siku atakapohamishwa.

Tangu kuanzishwa kwa hazina ya ustawi wa maeneobunge mnamo 2003, zahanati nyingi zimejengwa vijijini. Wabunge hupenda kuzifungua, na jina la mbunge huchongwa ukutani. Nyumba ya muuguzi haina mvuto huo, hivyo mara nyingi huachwa nje ya bajeti au husimama bila paa. Matokeo yake ni zahanati inayofanya kazi kama ofisi, ikifungwa jioni muuguzi anapopanda bodaboda kurudi sokoni. Uchungu wa uzazi haungoji saa za kazi. Mama anayefika saa nane za usiku hukuta mlango umefungwa na mlinzi asiye na la kufanya ila kupiga simu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa karibu na mahali pa kazi, au amlipe marupurupu ya kutosha kukodi. Serikali imependelea njia ya pili. Mnamo Septemba 2018 hata polisi walielezwa kwamba watalipwa marupurupu ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia badala ya kambini. Mjini jambo hilo huenda likawezekana. Kijijini, pesa mfukoni hazizai nyumba. Hakuna mwekezaji atakayejenga vyumba vya kisasa kwa ajili ya wapangaji watatu au wanne wanaoweza kuhamishwa Januari ijayo. Soko likishindwa hivyo, ndipo fedha za umma zinapokuwa na kazi halali ya kufanya.

Wala hili si wazo geni. Sera ya kitaifa ya nyumba ya 2004 ilipendekeza takriban nyumba 150,000 kwa mwaka mijini na zipatazo 300,000 mashambani. Yaani, miaka zaidi ya 20 iliyopita, waandalizi wa sera walihesabu hitaji la mashambani kuwa maradufu ya lile la mijini! Tangu hapo hesabu hiyo haijasikika sana majukwaani.

Wapo watakaosema kwamba nyumba tatu zilizotawanyika porini hugharimu zaidi, kwa kila chumba, kuliko orofa moja penye barabara na maji. Ni kweli. Hata hivyo, gharama ya zahanati isiyofunguliwa usiku, au ya shule inayopoteza walimu kila muhula kwa maombi ya uhamisho, haihesabiwi na mtu yeyote, nayo hulipwa na wanakijiji.

Lipo tatizo jingine lisilofaa kupuuzwa. Mashamba ya majani chai Kericho yamewapa wachumaji makao kwa miongo mingi, pamoja na shule na zahanati. Lakini nyumba hizo ni za kampuni. Mashine za kuchuma zinapochukua nafasi ya mikono, mfanyakazi hupoteza kazi na paa kwa pamoja. Nyumba ya umma haipaswi kuwa mnyororo wa aina hiyo: mkataba umpe anayestaafu au kuachishwa kazi muda wa kutosha kuhama.

Umiliki pia utatizamwe kwa makini. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi mali ya serikali, zikiwemo nyumba za watumishi wake, ilivyoishia mikononi mwa watu binafsi. Hatimiliki za nyumba mpya za mashambani zisajiliwe kwa jina la shule au zahanati husika, na kodi itumike kukarabati nyumba zizo hizo badala ya kumezwa na hazina ya mbali.

Ugumu mwingine ni wa kiutawala. Wauguzi wengi wa mashambani ni wa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, walimu ni wa TSC, polisi ni wa serikali kuu. Kila mmoja ana mwajiri wake, na kila mwajiri humtazama mwenzake. Sheria ya 2024, kwa bahati nzuri, inataja nyumba za mashambani na kuunda katika kila kaunti kamati ya nyumba za mashambani na mijini. Kamati hizo zinaweza kuanza na kazi isiyohitaji hata tofali moja: kuzunguka kila zahanati na kila shule, na kuandika mtumishi wa umma hulala wapi, na umbali gani kutoka kazini. Orodha hiyo iwekwe mezani kabla ya kandarasi nyingine ya orofa kutiwa saini katika makao makuu ya kaunti.