Kiseyeye, Machungwa ya Malindi na Mabibo Yanayooza

Kila mgeni afikaye Malindi huonyeshwa mnara wa Vasco da Gama pale juu ya mwamba, akaambiwa kuwa Mreno huyo aliwasili mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hayo twayajua, na watoto wetu wameyakariri shuleni. Habari ya safari ya kurudi haisimuliwi sana, nayo ndiyo niitakayo leo, kwa kuwa ndani yake mna machungwa.

Kwenda kulikuwa kwepesi. Vasco aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, na kwa siku 23 tu akaiona nchi ya Hindi, maana alikuwa na rubani mjuzi na kusi ilikuwa yaanza. Kurudi hakuwasikiliza wajuzi. Alitoka Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya kaskazi kushika, nahodha yeyote wa Lamu au Mambrui angalimwambia, "Bwana, subiri." Akakaa baharini karibu miezi mitatu. Daftari ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia wenyewe, yaeleza kuwa ufizi wa watu ulivimba hata ukafunika meno wasiweze kutafuna, miguu ikafura, na watu 30 wakafa katika kuvuka huko. Walipokaribia pwani yetu, walioweza kusimama na kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu katika kila chombo.

Wakatia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499. Jambo la kwanza walilolitaka wagonjwa si nyama wala mkate, bali machungwa. Mtu akatumwa pwani kwenda kuyatafuta, na kesho yake akarudi nayo pamoja na matunda mengine.

Ugonjwa huo Kiswahili chauita kiseyeye. Sababu yake ni upungufu wa kitu ambacho wataalamu wa leo wakiita vitamini C. Wakati ule hapana aliyekijua kitu hicho, na hapa ndipo kisa kinaponichekesha na kunihuzunisha pamoja. Mwaka uliotangulia, walipofika Mombasa mwezi wa Aprili, mfalme wa huko aliwapelekea kondoo, miwa, ndimu na machungwa mengi. Wagonjwa wao wakapona. Mwandishi wa daftari akamshukuru Mungu, kisha akaisifu hewa ya Mombasa! Machungwa aliyataja kama zawadi tu. Na mwaka 1499, wagonjwa wengi walipofia hapa Malindi baada ya kuletewa machungwa, aliilaumu hewa ya Malindi. Hewa ya pwani moja, mwendo wa siku moja kwa tanga, mara ni dawa mara ni sumu. Yakini ni kwamba waliofika Malindi walikuwa wamekwisha kudhoofika mno, na walikaa siku tano tu wakaondoka.

Ilichukua muda mrefu watu wa Ulaya kuyaamini macho yao. Mwaka 1747 daktari mmoja wa manowari ya Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walisimama katika muda wa siku sita. Hata hivyo serikali yao haikuamuru maji ya malimau yagawiwe katika manowari mpaka mwaka 1795. Na Lind mwenyewe, kwa kutaka maji hayo yadumu safarini, alishauri yachemshwe mpaka yawe mazito kama asali, asijue kuwa moto unakula kile kile alichokitafuta.

Nina sababu ya kuyaeleza haya kwa urefu. Siku hizi, katika miji yetu ya Malindi na Kilifi, neno vitamini limekuwa neno la duka la dawa. Mtu akipata mafua hukimbilia kidonge cha kuyeyusha ndani ya maji, kinachotoa povu kama sabuni, kimeandikwa miligramu 1000. Korona ilipoingia mwaka 2020 tuliona hata ndimu na tangawizi zikipanda bei, kila mmoja akitaka kinga. Mwili wa mtu mzima unatosheka na kama miligramu 45 kwa siku, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na kiasi cha 10 tu chatosha kuzuia kiseyeye. Ukiumiminia 1000 kwa mara moja, nyingi huishia chooni. Aliyeandikiwa na daktari wake na ameze, sina neno naye. Nasema juu ya yule anayetoa shilingi za mboga akanunua povu.

Kwani nje ya duka hilo pana nini? Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Chungwa la gramu 100 lina kama miligramu 50. Papai lazidi kidogo, nanasi la Magarini halipungui sana, na embe, liwe ngowe, boribo au dodo, lafuatia. Embe bichi ndilo lenye zaidi kuliko lililoiva, kwa hivyo watoto wanaouza vipande vya embe bichi vyenye chumvi na pilipili wanauza kitu cha maana kuliko wadhanivyo. Ndimu, ambayo kila mtu huidhani ndiyo sultani, ina kama 30 tu. Ukali si ushahidi. Ukwaju ni mkali hata meno yakafa ganzi, na vitamini C yake ni kidogo sana. Tuupende kwa ladha yake katika viazi karai, tusiusingizie udaktari.

Masultani wenyewe tunawakanyaga. Pera la kawaida, lile la uani lenye mbegu nyingi, lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100. Bibo, ambalo wengine huliita kanju, lina mara nne au tano ya chungwa. Na tazama tunavyoyafanya mabibo! Kuanzia Kilifi kwenda Tezo mpaka Gede, msimu ukifika, korosho hunyofolewa ikatiwa gunia, na bibo lenyewe, jekundu na manjano, likaachwa chini likaoza na kufuatwa na nzi. Kweli lina kasoro zake. Hukaba koo, doa lake halitoki katika kanzu, na halikai zaidi ya siku moja bila ya kuchacha. Kwa sababu hiyo ya kuchacha wako wanaolifanyia ulevi, na wazee wetu wakaliona tunda lenye sifa mbaya. Lakini zabibu nazo hufanyiwa ulevi, na hatujasikia mtu akizikataa katika pilau. Bibo likikamuliwa asubuhi na kunywewa asubuhi hiyo hiyo ni halali na ni tiba. Ule ukakasi hupungua likikatwa vipande na kutiwa chumvi kidogo.

Mpera na mkanju, kwa asili, si miti yetu. Imetoka Amerika, pamoja na mpapai, mnanasi na pilipili, ikaletwa Bahari ya Hindi na Wareno wale wale. Hata hayo majina pera na kanju ni ya kwao. Walikuja na ufizi uliovimba wakala machungwa yetu, kisha wakaacha miti yenye kulishinda chungwa mara nne. Sisi tumeyasahau yote mawili. Machungwa mengi tuyanunuayo sokoni leo yatoka Muheza, mkoa wa Tanga, na mapera twawaachia popo.

Nao mkunazi? Majani yake twayajua vizuri, kwa kuwa ndiyo ya kuoshea maiti. Jina lake, sidri, twalisoma katika Kurani. Makunazi yenyewe tumewaachia watoto na mbuzi, ingawa hayapungukiwi na chungwa kwa vitamini hii. Mbuzi hana haja nayo, maana Mola amempa uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Mwanadamu hakupewa, hana budi aile, tena mara kwa mara, kwani akiba ya mwilini humalizika kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu. Hiyo ndiyo miezi ya Vasco baharini.

Nimeuweka mbuyu peke yake kwa makusudi. Gramu 100 za ubuyu, ule unga mweupe ulioshika mbegu, mara nyingi hutoa miligramu 150 hadi 300, na hutofautiana mti kwa mti. Hapana anayekula gramu 100 kwa kikao kimoja, lakini vijiko viwili vitatu katika gilasi ya maji vyatosha mtoto kwa siku. Tena ubuyu hukaa mkavu miezi bila ya kuharibika, ndani ya ganda lake, wakati ambapo mashamba ya Ganze hayana jani bichi. Mabuyu mekundu ya sukari na rangi, yale yanayopaka ulimi wa kila mtoto wa shule, ni tamu na sitayaonea, ila yamepikwa motoni na rangi yake si ya mti. Yawe peremende, yasihesabiwe chakula.

Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliamuru uchunguzi ufanywe juu ya kibali cha kazi hiyo. Wengi waliwalaumu wenye mashamba waliouza. Mimi siwalaumu kwa haraka. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kuwa mbuyu ni makao ya mashetani na kizuizi cha jembe, kisha akaona fedha taslimu, atauthamini kwa lipi? Hapana aliyemwambia kuwa mti ule, uliokuwapo pengine kabla ya Vasco kufika, unaangusha kila mwaka chakula kinachouzwa ghali Ulaya katika vikopo vidogo. Lawama niliyo nayo naielekeza kwetu sisi wasemaji na waandishi.

Kadhalika mboga. Mchicha, majani ya kunde, kisamvu, mnavu, mchunga, majani ya mzunze: vyote vina vitamini C vikiwa vibichi, na vyote twavifanyia alichofanya Lind. Twachemsha mpaka jani libadilike rangi, twamwaga maji, kisha twatia nazi na kuchemsha tena. Vitamini hii huyeyuka katika maji na hufa kwa moto na hewa. Kina mama watanisamehe kwa kuingia jikoni, lakini mboga ioshwe kabla ya kukatwa, maji yawe machache, moto uwe wa muda mfupi. Mchunga mchungu na kisamvu sisemi, hivyo havina hila. Kisamvu lazima kitwangwe na kipikwe sana kwa sababu ya sumu yake. Basi kiliwe na kachumbari yenye ndimu pembeni. Ndimu hiyo ina kazi ya pili: huusaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde, na mama mja mzito ayahitaji hayo kuliko sote. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume chake.

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwekewa huko Mogadishu wali na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe, na alipofika Mombasa akaandika habari za ndizi, ndimu, na tunda lenye umbo la zeituni, tamu sana, ambalo kwa maelezo yake ni zambarau. Meza ile naifananisha na meza zetu za futari. Tende ni suna na haina mfano, lakini vitamini C haimo. Mahamri, kaimati, sambusa, viazi vya nazi havina au vina chembe. Kisha katikati twaweka jagi la maji ya unga wa pakiti, yenye rangi kama ya mafuta ya taa. Sikatai kwamba pakiti nyingine hutiwa vitamini hiyo kiwandani, lakini huja na mzigo wa sukari, na nje ya dirisha papai laanguka.

Katika Suratul An'am, aya ya 141, baada ya kutajwa bustani, mitende na mikomamanga, tumeamrishwa kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake na tumekatazwa israfu. Nami nauliza: mabibo yanayooza Kilifi kila msimu, na kuna watoto Ganze na Magarini wanaolala na njaa, ni israfu au si israfu? Masheikh wetu walijadili hilo katika hotuba ya Ijumaa moja tu, lingesikika mbali kuliko tangazo la kaunti.

Na pale penye misikiti na vyuo vya Kurani mna viwanja vitupu, vya mchanga, ambapo watoto huchezea jua likiwa kali. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yaeleza kuwa Mwislamu apandaye mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mche wa mpera hauna gharama ya kutisha, huvumilia ardhi ya mchanga ukimwagiwa maji mwaka wa kwanza, na huanza kuzaa kwa miaka mitatu au minne. Mkunazi wahitaji maji machache zaidi. Masika ikianza ndio wakati wake.