Logo ya kuiba haikulindi



Tembea ku avenue yoyote ya Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, uangalie mapano ya maduka. Alama ya Nike iko juu ya salon ya kunyoa. Tufaa la Apple liko ku mulango wa mutu anayetengeneza simu. Simba wa Peugeot anacheza mupira na timu ya mutaa. Tumezoea, mpaka hatuoni tena.

Siye tunasema: imetosha. Hatulindi feza za makampuni ya ng'ambo, wao wako na mawakili wao. Tunasema juu ya kijana wa hapa anayetengeneza sabuni, juisi ao viatu, kisha anaweka jasho lake chini ya alama ya mutu mwingine.

Wengi wanajibu: «Logo ya kwetu wenyewe ni bei, siye hatuna kitu.» Basi mujue hili. Ile alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, mwanafunzi wa uchoraji ku Portland, Marekani. Alilipwa dola 35. Ni mwaka 1983 tu kampuni ilimukumbuka, ikamupa pete na hisa. Tunaiba kazi ya mwanafunzi ya dola 35, wakati ku université zetu kuko wanafunzi wanaojua kuchora na hawana kazi!

Kuiba njo kunagharimu. Nchi yetu iko na sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda. Kwa sheria hiyo, alama ya biashara ni ya yule aliyeiandikisha wa kwanza. Inalindwa miaka 10, kisha inaweza kuongezwa tena. Ukitumia alama ya wengine, hauwezi kuiandikisha kwa jina lako. Siku sabuni yako itapendwa, mutu ataiga jina na etiketi. Utaenda kulalamika na karatasi gani? Na mwenye alama akitokea, etiketi zote ulizochapisha zinakuwa takataka.

Kuko pia wenye kufikiri kwamba kubadilisha rangi kunatosha. Hapana. Ulizo ni hili: munuzi wa kawaida, anayepita haraka sokoni, anaweza kuchanganya hizi mbili? Jina likisikika karibu sawa, muchoro ukifanana, na bidhaa zikiwa za aina moja, kesi iko pale.

Hata wakubwa wanaanguka. Mwezi wa Julai 2015, Tokyo ilionyesha logo ya Michezo ya Olimpiki ya 2020. Muchoraji wa Ubelgiji, Olivier Debie, akasema inafanana na ile aliyochorea Théâtre de Liège. Waandaaji wakajibu kwamba walikagua alama zilizoandikishwa, na muchoraji wao, Kenjiro Sano, akakana kuiga. Kelele haikupoa. Tarehe 1 Septemba 2015 logo ikaondolewa. Fundisho ni kwamba kukagua daftari peke yake hakutoshi, juu muchoro unakuwa wa mwenye kuuchora tangu anapouchora, hata kama hajauandikisha popote. Hata kwetu, sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watungaji inasema vile.

Sasa tufanye nini? Anza na karatasi, usianze na Google. Andika kazi yako ni nini, inatoka wapi, na watu waikumbuke kwa kitu gani. Ziwa, volkano, chukudu, ushonaji wa mama yako: vitu havikosi. Chora ishirini, tupa kumi na nane. Zile mbili zinazobaki, zipige picha uzitafute ku intaneti kwa picha. Kisha ingia ku hazina ya alama ya WIPO, shirika la dunia la mali ya akili. Kutafuta ni bure, kwa jina ao kwa muchoro. Mwisho uliza ofisi ya mali ya viwanda ya nchi, mbele ya kuchapisha hata etiketi moja.

Usiguse bendera, wala kichwa cha chui cha nembo ya taifa. Na wewe wa farmasi, musalaba mwekundu uache: unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, ili ku vita watu wajue nani hapigwi risasi. Ku nchi kama yetu, hiyo si mambo ya mapambo.

Chunga michoro yako yote na tarehe zake. Ukimupa infografe kazi, muandikiane karatasi inayosema logo itakuwa ya nani, kisha umulipe kweli. Na wewe infografe, muteja akikuambia «nifanyie kama ile ya wale», kataa. Jina lako ni mutaji wako.

Kwa serikali tuna neno. Ofisi ya kuandikisha alama iko Kinshasa. Kutoka Bunia ao Kindu, hiyo ni safari ya ndege, na tiketi inaweza kumeza mutaji wote wa muuza juisi. Tunadai ofisi za viwanda za majimbo zipokee maombi, na bei ibandikwe wazi ku mulango ili mutu asiombwe kitu juu yake. Haki inayofikiwa paka na mwenye tiketi ya ndege si haki ya raia wote.

Tukiwa tunangoja jibu, kalamu iko mikononi mwetu. Wewe mwenye duka, wiki hii futa alama ya wengine ku pano yako. Ita kijana mumoja anayejua kuchora, mukae, muchore yenu.